Hodi ya Siwema

Nchi ya Mithili nimefika, na anayedhani haipo namwacha na dhana yake. Nilivyofika si habari. Habari ni kwamba siku ya kwanza, nikiingia katika nyumba ya wageni ya Bi Mosi, nilijikwaa kizingitini, nikapiga goti, na ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Ukumbini walikuwamo watu wanakunywa uji. Wote waliniona, na hakuna aliyesema pole.

Nilikasirika, sifichi. Mimi ni mwepesi wa kununa, na kwetu hata aliyekukosa kwa mawe hukuambia pole ya kukimbia. Hawa waliacha bakuli zao, wakanizunguka, wakanitazama kwa huruma kabisa, midomo imefumbwa. Bi Mosi, mama wa makamo mwenye mikono minene ya mpishi, akaleta maji ya chumvi akaniosha kidole bila neno. Alipomaliza nikamuuliza, "Mama, nyinyi watu wa hapa hamna pole?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Tunayo, bwana mgeni. Ila haisemwi."

Akanieleza. Zamani mtu mmoja alimwambia pole jirani yake aliyeumwa na mbwa. Jirani akaenda kushtaki. Jaji wa siku hizo akasema: mtu haumii kwa jambo asilohusika nalo, huyu kwa kusema pole amekiri kuumia, basi anahusika. Mbwa hakuwa wake, wala hakuwa na mbwa, lakini akaamriwa kumuuguza jirani hadi apone. Tangu siku hiyo pole ikafungiwa vifuani mwa watu. Hata msibani husimama karibu na mfiwa, wakatazama chini, wakaondoka.

"Kwa hukumu ya mtu mmoja?" nikauliza.

"Kwani hukumu zinakuwa za watu wangapi?" akasema Bi Mosi, akaenda kuangalia sufuria yake.

Ndivyo nilivyoanza kuijua sheria ya Mithili, nayo ni fupi. Hawana bunge wala kitabu cha sheria. Wana mahakama tu, na kanuni moja imechongwa juu ya mlango wake: kilichoamuliwa kwa mmoja kimeamuliwa kwa kila aliye mithili yake. Wawili wakigombana leo juu ya mbuzi, kesho nchi nzima inajua haki ya mwenye mbuzi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kanuni nzuri, na hata leo siioni kuwa mbaya. Ubaya niliuona kwa wanaoishi chini yake.

Nyuma ya mahakama kuna madirisha mawili. Moja ni Dirisha la Kufanana, la pili ni Dirisha la Kutofautiana. Mtu akishinda kesi, asubuhi yake mji mzima unajipanga kwenye la kwanza, kila mmoja akiapa kuwa yeye na mshindi ni pacha. Mtu akishindwa, mji mzima unahamia la pili, kila mmoja akiapa kuwa hana lolote la kufanana na yule masikini. Kuna mwaka bwana mmoja alishinda haki ya kukata mti wa jirani uliokuwa ukiangusha majani kwenye bati lake. Watu wakajipanga kwenye Dirisha la Kufanana hadi jioni. Ndiyo sababu mji ule hauna mti hata mmoja wa kivuli, na wenyeji wanalalamika juu ya jua kana kwamba limeletwa na wageni.

Kwetu tunasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kule Mithili, mwenzako akinyolewa, wewe unavaa kofia na kuapa kwamba huna nywele.

Nilikuwa na juma moja pale nilipokutana na Siwema. Alikuja kwa Bi Mosi na vyungu, maana alikuwa mfinyanzi. Nilimsikia kabla ya kumwona. "Hodi wenyewe," sauti ilisema nje, polepole, ikangoja. Ukumbi mzima ukanyamaza. Bi Mosi akajibu karibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayepokea kitu cha magendo. Akaingia mwanamke mwembamba, udongo umekauka kwenye kucha zake, akatusalimia mmoja mmoja, mimi mgeni akanipa shikamoo ingawa hatukupishana sana kwa umri. Alipotoka, Bi Mosi akasema, "Hodi hiyo itamponza. Hapa neno la adabu huweza kugeuka kesi."

Ilikwisha kumponza. Kutoka mtaa wa Siwema na Bi Mosi kuna njia ya miguu inayokatiza shamba la mkonge hadi kisimani, zahanati na makaburini. Mababu zao waliipita kabla mkonge haujapandwa. Sasa shamba ni la Bwana Ghanima, mtu mwenye mashamba mengi kuliko anayoweza kuyatembelea, na Bwana Ghanima alitaka njia ifungwe ili apande mistari mingine. Njia nyingine ni kuuzunguka mlima, nayo inamaliza asubuhi ya mtu mwenye afya. Kwa Siwema njia ya mlima haikufaa. Mumewe, Kitwana, alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na kila baada ya siku mbili alimpitisha pale, amemshika kiuno, kwenda kukisafisha. Mganga wa zahanati alikuwa amewaambia wazi: kidonda hiki kikikosa kusafishwa, sumu itapanda.

Bwana Ghanima angeweza kumshtaki mtu yeyote wa mtaa ule. Alimshtaki Siwema. Sababu nilielezwa na wakili wa Bwana Ghanima mwenyewe, Bwana Jabu, tulipokunywa kahawa pamoja. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kanzu safi, na hakuona haya hata kidogo.

"Nilikaa langoni mwa shamba nikiwatazama wanavyopita," aliniambia. "Wote wanapita tu, kimya, kama njia ni ya mama yao. Mmoja wa hao ningemshtaki, ningeshindwa. Mtu anayepita bila kuuliza, baba yake akapita bila kuuliza, huyo ana haki ya kupita. Nikangoja. Akaja huyu mama na mgonjwa wake. Alipofika langoni akamwambia mlinzi hodi. Mlinzi akasema karibu. Nikajua nimempata."

"Umempata kwa adabu yake?"

"Adabu ni nini, bwana mgeni? Mtu hapigi hodi kwenye njia yake. Anapiga hodi kwa mwenyewe. Akipiga hodi amekiri kuna mwenyewe, na mwenyewe akimpitisha, kampitisha kwa hisani. Hisani huondolewa." Akamaliza kahawa yake. "Na kilichoamuliwa kwake kitaamuliwa kwa wote."

Nilitoka pale nimechukia.

Lakini sheria ya Mithili ina mlango mmoja wa huruma, na nisiposema hivyo nitakuwa nimeidhulumu. Kabla ya kuhukumu, jaji huuliza mbele ya watu: nani mithili ya huyu? Anayesimama anaunganishwa na kesi. Yake yote yanasikilizwa pamoja na ya mshtakiwa, na hukumu ikitoka wanaibeba pamoja. Wangesimama watu wa mtaa ule, waliopita bila hodi, wao na wazazi wao, mahakama isingekuwa na hodi ya mwanamke mmoja mbele yake. Ingekuwa na njia ya mji. Jabu alilijua hilo. Siwema naye alilijua, ndiyo maana alizunguka nyumba kwa nyumba siku zilizotangulia kesi, akipiga hodi ile ile, akiomba watu wasimame naye.

Kwa Bi Mosi nilikuwepo.

"Dada Mosi," alisema Siwema, "kesho kutwa ndiyo siku. Simama nami."

Bi Mosi alikuwa akikoroga uji uliokwisha kuiva. "Siwema, mimi nakupenda, unajua. Lakini wewe ulipiga hodi. Mimi sijapiga pale hata siku moja. Nikisimama nawe ukashindwa, nimeshindwa. Nikikaa, naenda dirishani, naapa sijapiga hodi, napita zangu."

"Njia ni moja, dada."

"Njia ni moja. Hodi ni yako."

Siwema akainuka. Halafu akasema, bila kisirani, "Mguu wa Kitwana umeanza kunuka." Akamshukuru kwa kumsikiliza, akatoka. Bi Mosi akaendelea kukoroga. Nilimwambia nilivyoona mimi, kwa maneno makali kuliko yanayomfaa mgeni aliyepewa chumba na chakula. Akanijibu kuwa mimi nitaondoka na wao watabaki.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wamithili hawakosi kesi hata moja, maana kila mtu anataka kujua kesho atakuwa nani. Jaji alikuwa Bwana Twalibu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na kwa jinsi alivyosikiliza sikuona kasoro. Jabu akamwita mlinzi wa lango. Mlinzi akaapa kuwa mama huyu hupiga hodi kila apitapo, na yeye humkaribisha.

Mtu mmoja aliyekuwa karibu na kizimba akamnong'oneza Siwema akane. Nilimsikia, na nadhani jaji pia alisikia. Neno la mlinzi mmoja lingepingana na lake, kesi ingekosa miguu.

"Siwema," jaji akauliza, "ulipiga hodi?"

"Nilipiga, bwana jaji."

"Kila mara?"

"Kila mara. Pale pamekaa mtu. Nitampitaje mtu kimya kama ng'ombe?"

Baadhi ya watu walicheka, si kwa ubaya. Jaji hakucheka. Alivua miwani akatazama umati, na nikaona kabisa kwamba anawangoja. Akauliza lile swali, akalirudia, ingawa sheria haimtaki alirudie. "Nani mithili ya mwanamke huyu? Nani apitaye njia hii kama apitavyo yeye?"

Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wa njia ile. Miguu yao ilikuwa na vumbi lake jekundu siku ile ile, maana walipita hapo kuja mahakamani. Bi Mosi alikuwa safu ya pili, anatazama viganja vyake. Hakusimama mtu.

Nikasimama mimi. Sikukusudia, nilijikuta nimesimama. "Bwana jaji, mimi nimepita njia hiyo, tena sikupiga hodi."

"Mgeni hana mithili hapa," akasema jaji, kwa upole ule ule. "Keti, bwana."

Nikaketi. Siwema alinigeukia akainamisha kichwa kunishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Hukumu ilikuwa fupi. Apigaye hodi amekiri kuna mwenyewe. Njia ni ya Bwana Ghanima, na waliopita kwa hodi wamepita kwa hisani yake, nayo hisani imekoma.

Kabla jua halijapanda sana siku ya pili yake, mtaa mzima ulikuwa kwenye Dirisha la Kutofautiana. Nilikwenda kuona. Walikuwa wachangamfu, wanasukumana, wanataniana, kama watu waliopona ajali. Karani alimwita kila mmoja, akamwapisha kwa sauti. "Umepiga hodi katika njia ya Bwana Ghanima?" "Sijapiga kamwe." "Umepita?" "Nimepita tangu utotoni." "Bila idhini?" "Bila idhini ya mtu yeyote." Bi Mosi akaapa. Muuza mkaa akaapa. Mlinzi mstaafu, fundi cherehani, hata mwalimu wa chuo, wote wakaapa kwa fahari. Pembeni, juu ya kigoda, wakili Jabu alikuwa amekaa anasikiliza, na karibu naye askari wawili wa mahakama.

Mtu wa mwisho alipomaliza, Jabu akasimama. Akasema kwa adabu nyingi kwamba mahakama imekwisha kuamua jana njia hii ni ya nani. Aliyepita kwa hodi alipita kwa hisani, hana kosa, ila asipite tena. Na hawa waliopita bila hodi, bila idhini, tangu utotoni, kama walivyoapa wenyewe hapa mbele ya karani? Hao walivamia shamba la mtu. Yeye anawashtaki wote.

Nilimtazama Bi Mosi. Alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kuuliza bei ya kitu.

Viapo vilikuwa vyao. Walihukumiwa kukata mkonge wa Bwana Ghanima msimu mzima. Kwa hiyo kila siku walipita njia ile, safari hii na visu mikononi, msimamizi nyuma yao. Jioni Bi Mosi alirudi na miiba viganjani, akawa ananiomba nimtolee kwa sindano. Nilimtolea. Sikusema pole, nikajishangaa nilivyoizoea nchi upesi.

Ni yeye mmoja tu katika mtaa wote aliyebaki bila kosa, Siwema. Hakukata mkonge. Alimzungusha mumewe mlima. Mara ya kwanza walikwenda wakarudi. Mara ya pili walilala njiani. Mara ya tatu Kitwana aliketi juu ya jiwe katikati ya kupanda, akamwambia mkewe ampumzishe kidogo, na hakuinuka tena.

Makaburi yalikuwa upande wa pili wa shamba. Msimamizi aliwaachia wanaume watatu wabebe jeneza, mimi nikawa wa nne, tukauzunguka mlima nalo. Kutoka juu niliwaona wakata mkonge chini, wamesimama kwenye mistari, wametazama juu, visu vimelegea mikononi. Njia ilionekana vizuri kutoka pale. Ilikuwa fupi sana. Nililia, na wala sikuwa nimezoeana na marehemu kiasi hicho.

Nilikutana na jaji Twalibu akitoka makaburini. Nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni, kwamba alijua, na amehukumu huku akijua.

"Nilijua," akasema. "Ingeletwa njia mbele yangu, ningehukumu njia. Nimeletewa hodi. Jaji hasimami kwa niaba ya waliokaa, bwana mgeni. Niliuliza mara mbili." Akatembea hatua chache, akarudi. "Mama yangu amezikwa humu. Nami itabidi nizunguke mlima." Akaenda zake.

Siku iliyofuata watu wakaja nyumbani kwa Siwema kumfariji. Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwa sababu mgeni hajui pa kukaa. Walikuja kutoka shambani moja kwa moja, wengi, wakajaa uani, wakasimama. Mlango ulikuwa umerudishwa. Hakuna aliyebisha. Pole ilikuwa imekatazwa tangu enzi za babu zao, na sasa hodi nayo imekuwa ushahidi, kila mtu ameona imemfanyia nini mwenye kuipiga. Basi walisimama tu. Ndani Siwema alikuwa akizisikia nyayo zao, bila shaka, na kikohozi cha muuza mkaa, na kitoto kilichokuwa kikilia mgongoni mwa mamaye. Wakasimama muda mrefu. Wengine wakaanza kutazamana, wakitafuta wa kwanza kuondoka.

Bi Mosi akapenya katikati yao. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa matambara. Akasimama mbele ya mlango, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia:

"Hodi."

Sauti ya Siwema ikatoka ndani, kavu. "Nani?"

"Mimi, Mosi. Mwenzio."

"Mwenzangu," ikasema ile sauti. "Uliulizwa mara mbili mbele ya jaji, mwenzangu."

Bi Mosi hakujitetea. Aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. "Niliulizwa," akasema. "Nilisikia. Pole, Siwema. Pole mdogo wangu." Alilisema neno lile waziwazi, mbele ya mashahidi wote wale, na wakili yeyote aliyetaka kulichukua angelichukua. Nyuma yake mtu mmoja akasema hodi. Halafu mwingine. Halafu ua mzima ukawa unapiga hodi, wakubwa kwa wadogo, kwenye mlango wa mtu aliyekuwa hana tena wa kumpeleka zahanati.

Sikujua kama atafungua. Ningekuwa mimi nisingefungua, na ningelala usingizi mzuri. Lakini tulisikia kigoda kikisogezwa, na miguu ikija polepole, na Siwema akaufungua mlango. Macho yalikuwa yamevimba. Akawatazama wote, akamtazama Bi Mosi na matambara yake. Hakuwa mtu wa kuweza kumwacha mtu nje baada ya kupiga hodi.

"Karibuni," akasema. "Nafasi haitoshi. Mtakaa kwa zamu."